Dumu la Petroli Katika Stoo ya Msikiti



Wale waliotuandikia kuhusu mirathi ya nyumba ya urithi wa pamoja wataniwia radhi. Maswali yao tutayarudia toleo lijalo, in shaa Allah. Nimelazimika kuyaweka kando kwa ajili ya barua moja iliyotufikia Jumanne. Mama mmoja anaeleza kwamba mwanawe, dereva wa bodaboda, ameanza kuuza petroli ya rejareja. Huinunua kwa dumu, akaigawa katika chupa za maji za lita 1, na chupa zisizouzwa hulala ndani, chini ya kitanda wanacholalia wadogo zake wawili. Mama anauliza: je, ana haki ya kumzuia, ilhali biashara hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba?

Kabla sijamjibu, sina budi kueleza jambo ambalo kwa muda mrefu nililifungia moyoni kwa kuona haya.

Miaka michache iliyopita kamati ya msikiti wetu ilinunua jenereta, kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatika kila siku nyakati za Magharibi. Likaja suala la mahali pa kuweka mafuta. Mzee mmoja akapendekeza stoo, kwa kuwa ina kufuli. Hakuna aliyepinga. Mimi ndiye katibu, na kalamu iliyoandika muhtasari wa kikao kile ni yangu: petroli itunzwe stoo, ufunguo akae nao khadimu. Mstari mmoja, tukaendelea na ajenda ya mazulia. Hakuna aliyekumbuka kwamba stoo ile ina friji la maji ya kunywa, wala kwamba mlango wake unatazamana na ukumbi mdogo ambamo akina mama hupika futari katika mwezi wa Ramadhani. Mfuniko wa dumu ulipopotea, tuliziba mdomo wake kwa kipande cha mfuko wa nailoni.

Jioni moja ya Ramadhani, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini kabla ya kufuturu, umeme ukakatika. Khadimu alikuwa amekwenda kununua tende. Kijana mmoja wa madrasa, kwa nia njema kabisa, akachukua ufunguo akaingia gizani kulitafuta dumu. Akajikwaa. Dumu likaanguka ubavu, kile kipande cha nailoni kikatoka, na yapata nusu ya mafuta ikamwagika juu ya sakafu ya saruji na juu ya kanzu yake. Hatua kumi kutoka pale, sufuria ya uji ilikuwa ikichemka juu ya jiko la gesi.

Nilifika mbio. Na mimi, msomi wa chuo, niliyezoea kuwasimamia watu, nikatoa amri ya kwanza iliyonijia kinywani: leteni ndoo za maji, tuyasukume mafuta haya yaende mtaroni! Vijana wakaanza kukimbilia mabomba ya udhu.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja mpishi, ambaye ujanani aliuza mafuta ya taa kwa miaka mingi. Alikuwa ameshaisikia harufu kabla yangu, na ameshafunga koki ya mtungi wa gesi. Akanishika mkono. "Ustadh, mwanangu, usimwage maji. Na huko mtaroni yupo mwenzetu anakaanga mihogo." Nikageuka nikatazama. Ng'ambo ya ukuta wetu, kando ya mtaro ule ule niliotaka kuujaza petroli, palikuwa na mama mwenye karai la mafuta juu ya kuni zinazowaka, na mtoto mgongoni.

Sikusema neno. Bibi yule ndiye aliyetoa amri zote baada ya hapo, nami nikatii. Alitaka watoto wote watolewe uani, upande unakotoka upepo. Akanituma nikazime swichi kuu ya umeme, ambayo kwetu iko nje karibu na lango, mbali na stoo, maana umeme ungerudi wakati wowote na friji lingejiwasha lenyewe. Akakataza mtu kuingia mle na tochi, simu au sigara. Yule kijana alipelekwa nje, akamwagiwa maji mwilini kabla ya kuivua ile kanzu, kisha akaoga kwa sabuni. Mchanga wa ujenzi wa vyoo ulikuwa umerundikwa nyuma ya msikiti, basi tukaubeba kwa mabeseni ya plastiki, tukamwaga kwanza kuzunguka kingo za mafuta ili yasienee, kisha juu yake. Mlango na dirisha tukaviacha wazi. Adhana iliadhiniwa bila kipaza sauti, nasi tulifuturu kwa tende na maji, uani, gizani.

Hakuna aliyeungua. Uji tu ndio uliokosa kuiva.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya vimiminika vinavyoshika moto upesi, na nimewauliza askari wa zimamoto maswali ambayo pengine waliyaona ya kitoto. Jambo la kwanza nililojifunza ndilo mzizi wa mengine yote: petroli yenyewe, ile tunayoiona ikitiririka, siyo inayoungua. Kinachoungua ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri za Selsiasi. Basi katika joto letu la pwani, lenye nyuzi 30 na zaidi, haipo saa ya mchana wala ya usiku ambayo petroli iliyo wazi imetulia. Mafuta ya taa na dizeli ni wazito kidogo wa kuwaka: mafuta ya taa huhitaji kufika takriban nyuzi 38 na dizeli zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wao uwake kwa cheche. Lakini wasikuhadae. Mafuta ya taa yakilowa kwenye kitambaa au utambi huwaka bila kungoja joto hilo, na yakitiwa katika dumu lililokuwa na petroli, mabaki machache yatosha kuyapa tabia ya petroli.

La pili ni kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi ukapotelea darini. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, huteremka ngazi, hujikusanya shimoni na mtaroni, na haumwonyeshi mtu umefika wapi. Ukikutana na moto hatua kumi au ishirini kutoka ulikoanzia, mwali hurudi kwa kasi kuifuata njia ile ile hadi kwenye mafuta. Ndiyo maana mtu husema, "Lakini sikuwasha kitu pale!" Ni kweli hakuwasha. Aliyewasha ni jirani mwenye jiko la mkaa, au friji lililojiwasha lenyewe, au swichi ya taa iliyobonyezwa na mtu aliyetaka kuona kilichomwagika.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa lipo jambo linalowaua mafundi wetu. Mvuke wa petroli hauwaki kwa kiasi chochote kile. Huwaka ukiwa kati ya sehemu 1 na nusu hivi na sehemu 7 na nusu katika kila sehemu 100 za hewa. Ukiwa mchache zaidi hauna nguvu. Ukiwa mwingi zaidi huikosa hewa. Matokeo yake ni kinyume cha tunavyodhani: dumu au pipa "tupu", lililobakiwa na vijiko viwili vya petroli chini, laweza kuwa hatari kuliko lililojaa pomoni, kwa sababu ndani yake hewa na mvuke vimechanganyika kwa kiasi hasa kinachotakiwa ili kulipuka. Fundi wa kuchomelea anayeletewa pipa la mafuta alikate kutengeneza jiko au karai, akaanza kazi kwa kuliona ni tupu, amekalia bomu. Kulisuza mara moja kwa maji hakutoshi. Mwenye kumpelekea fundi pipa asiloambiwa lilikuwa na nini, naye ana sehemu yake katika dhima hiyo.

Jambo la tatu ni lile nililoambiwa na bibi mpishi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea. Ukimwaga maji juu ya petroli inayowaka, huizimi. Unaipa mkeka wa kusafiria. Moto hupanda juu ya maji na kwenda yaendako. Ukimwaga maji juu ya petroli ambayo haijawaka, unaieneza na kuisukuma hadi kwa mtu asiyejua habari zako.

Wakazi wa mtaa wa Sinai, jijini Nairobi, waliyaona hayo tarehe 12 Septemba 2011. Mafuta yaliyovuja kutoka katika mfumo wa bomba yaliingia katika mtaro wa maji na kuteremka hadi katikati ya vibanda vya mabati. Watu wakaenda kuyachota. Moto ulipotokea ulifuata mtaro, na makumi ya watu wakafariki. Kule Guadalajara, nchini Meksiko, tarehe 22 Aprili 1992, petroli iliyovuja ndani ya mifereji ya majitaka chini ya mji ililipuka barabara baada ya barabara na kuua watu zaidi ya 200. Wakazi walikuwa wamelalamikia harufu siku kadhaa kabla. Ukisikia harufu ya mafuta ikitoka mtaroni au chooni, usione ni kero ya kawaida ukafunga dirisha. Toa taarifa, na usiwashe jiko.

Na sisi tunayo yetu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, siku ambayo mahujaji walikuwa wamesimama Arafa na sisi huku tunajiandaa kwa Idi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Ilikuwa asubuhi. Watu walikusanyika, wengine kwa ndoo na madumu kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, wengine kwa kutazama tu, wengine wakipita njia kwenda kazini. Maelezo yaliyotolewa siku zile yalisema kwamba mtu mmoja alijaribu kung'oa betri ya lori. Moto ukalipuka. Waliofariki, pale pale na katika hospitali kwa siku na majuma yaliyofuata, walizidi 100. Taifa likatangaziwa siku tatu za maombolezo, na wengi wakazikwa Morogoro, katika makaburi ya Kola, baadhi yao miili isiyotambulika kwa sura.

Wala haukuwa msiba wa kwanza wa namna hiyo katika eneo letu. Sachangwan, nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100. Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya watu 200, na miongoni mwao waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia, ambao hawakushika ndoo. Katika yote, mpangilio ni mmoja: lori limelala, mafuta yanatiririka, dakika zinapita bila kitu kutokea, na ukimya ule ndio unaowapa watu ujasiri. Kila dakika inayopita bila moto hudhaniwa ni dalili ya salama, kumbe ni dakika ya mvuke kuenea.

Watu huniuliza juu ya hukumu ya mafuta yaliyomwagika, wakidhani yanaingia katika mlango wa kitu kilichookotwa. Nitajibu kwa ufupi, maana safu hii leo si ya fikihi. Mafuta yale yana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Jina lake limeandikwa ubavuni mwa lori. Kumwagika hakukumvua umiliki. Hata kama angeyaruhusu, lipo katazo la aya ya 195 ya Suratul Baqara juu ya mtu kujitia mwenyewe katika maangamizi, na sijui maangamizi yaliyo dhahiri zaidi ya kusimama kwa magoti ndani ya petroli. Lakini pia simkubali khatibu anayewataja marehemu wa Msamvu kama wezi. Wengi hawakuchota tone. Na aliyechota, aghalabu alikuwa na njaa. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayekufa kwa kuungua ni miongoni mwa mashahidi. Tuwaombee, tuwafunze walio hai, tuache kuhukumu makaburi.

Ukilikuta lori la mafuta limepinduka, basi, ondoka, na uondoke kuelekea upande unakotoka upepo na palipo juu, si bondeni, kwa kuwa mafuta na mvuke wake huteremka. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na waokoaji wa Amerika Kaskazini unataka watu wakae angalau mita 50 kutoka kwenye mafuta ya aina hii yaliyomwagika, wafikirie kuwaondoa watu hadi mita 300 upande unakoelekea upepo ikiwa ni mengi, na mita 800 pande zote ikiwa tangi lenyewe liko motoni. Mita 800 ni sawa na viwanja vinane vya mpira vikipangwa kwa urefu. Ukiwa umeshafika mbali ndipo upige simu. Kwa Tanzania Zimamoto wanapatikana kwa namba 114. Mwenye gari lililo karibu asiliwashe ili alisogeze. Aliache, ashuke, aende.

Sasa turudi nyumbani, ambako ndiko misiba mingi isiyoandikwa magazetini hutokea.

Petroli haina nafasi ndani ya chumba wanacholala watu. Neno hili sina namna ya kulilainisha. Chupa ya maji ni plastiki nyembamba. Mfuniko wake haukutengenezwa kwa mafuta, huvuja mvuke usiku kucha, na chini ya kitanda ndiko mvuke huo hupenda kukaa. Kiasi kidogo kinachohitajika kwa pikipiki kiwekwe nje, katika chombo imara chenye mfuniko wake halisi, kivulini, penye hewa, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto, na kiwe na alama isiyofanana na chombo cha kinywaji. Unapojaza dumu kituoni, liweke chini ardhini. Usilijaze likiwa juu ya pikipiki au ndani ya gari lenye zulia, kwani mtiririko wa mafuta huzalisha umeme tuli, na cheche yake yatosha.

Mafuta ya taa nayo yana madhara yake. Jiko la utambi lisiongezwe mafuta likiwa linawaka au lingali moto. Hapo ndipo mama zetu wengi walipoungulia. Wala mkaa uliokataa kuwaka usichochewe kwa petroli au thina, maana mvuke hulipuka mkononi kabla kiberiti hakijafika. Na kwa kuwa tumetaja chupa: mtoto akinywa mafuta ya taa kwa kudhani ni maji au soda, asitapishwe kwa hali yoyote, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu ili ayatoe. Mafuta yanapopanda tena kooni huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ipelekwe pamoja naye.

Mafuta yakimwagika kidogo nyumbani, fuateni alivyofanya bibi yetu: watu watoke, moto uliopo uzimwe kama mvuke haujaufikia, asibonyeze mtu swichi ndani ya chumba hicho, madirisha yafunguliwe, mchanga au udongo mkavu umwagwe. Pumba za mbao hunyonya vizuri lakini zenyewe ni kuni, kwa hiyo mchanga ni bora. Chepe la chuma lisikwaruzwe kwenye saruji. Mchanga uliolowa na matambara yaliyotumika yasirudi ndani wala yasitupwe kwenye jalala linalofukuta. Yapelekwe nje penye uwazi, mbali na watu. Ikiwa yaliyomwagika ni mengi kuliko mchanga ulio nao, kazi yako imekwisha: ondoa watu, waite Zimamoto.

Moto ukiwa umeshawaka, jiulize swali moja tu: je, ni mdogo kiasi kwamba naweza kuufunika, na je, mlango uko nyuma yangu? Jibu la swali lolote kati ya hayo likiwa hapana, toka, funga mlango nyuma yako, usirudi kuchukua kitu. Moto ulio ndani ya sufuria au karai hufunikwa kwa mfuniko, nao hufa kwa kukosa hewa. Usilibebe karai linalowaka kulipeleka nje, utajimwagia. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu au povu hufaa kwa mafuta. Chomoa pini, simama umbali wa hatua tatu hivi, elekeza mdomo wake kwenye shina la moto, si kwenye ncha za miali, bana, na fagia kulia na kushoto. Mtungi wa kawaida wa nyumbani huisha upesi, pengine chini ya nusu dakika, na unga hauyapozi mafuta. Yanaweza kuwaka upya. Usiupe moto mgongo ukidhani umekufa.

Aliyeshikwa na moto mwilini asikimbie. Mwangusheni chini, abiringike, mfunikeni kwa blanketi zito au zulia. Akina mama na mabinti zetu wajue kwamba buibui nyingi za siku hizi ni za nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ambazo huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Anayepika jikoni na avae pamba. Sehemu iliyoungua imiminiwe maji safi ya baridi ya bombani, si barafu, kwa muda wa dakika 20 kamili, na dakika hizo ni nyingi kuliko unavyodhani unapomsikia mtoto akilia. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Nguo iliyonata isibanduliwe. Dawa ya meno, yai, asali, majivu, mafuta ya nazi, vyote viachwe. Funikeni kwa kitambaa safi na mwende hospitali. Najua wapo watakaoniandikia juu ya asali. Ni shifaa, sina ubishi, lakini kidonda kibichi cha moto kinataka maji kwanza na daktari baadaye.

Katika kitabu cha Bukhari imepokewa habari ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamrisha mioto izimwe kabla ya kulala, akieleza kwamba moto ni adui. Mahali pengine ametahadharisha hata juu ya panya kuukokota utambi wa taa. Nilizisoma Hadithi hizo chuoni, nikazihifadhi kwa isnadi zake, nikafaulu mtihani. Kisha nikaandika ule mstari mmoja wa muhtasari.

Kikao kilichofuata baada ya Ramadhani ile hakikuwa chepesi. Nilipendekeza petroli ijengewe kibanda cha matofali chenye matundu ya hewa nje ya ukuta wa uani, na inunuliwe mitungi miwili ya kuzimia moto. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alipinga, akisema sadaka za waumini zilikusudiwa kwa nyumba ya Mwenyezi Mungu, si kwa mitungi myekundu itakayoning'inia bila kazi. Mweka hazina naye akaonyesha daftari. Tulibishana hadi karibu na Isha. Mwishoni nikauweka mezani ule muhtasari wa zamani, nikausoma kwa sauti na saini yangu chini yake, nikaomba uandikwe kuwa umefutwa. Mitungi ilinunuliwa mmoja, si miwili. Kibanda kimejengwa. Bibi mpishi alialikwa awafunze vijana, akasema hana la kufunza, kisha akazungumza saa nzima.

Sasa nikujibu, mama yangu uliyeandika. Haki unayo. Mwanao ni mtu mzima na riziki yake ni ya halali kwa asili, lakini chumba ni cha watoto pia, na hakuna anayeruhusiwa kutafuta riziki kwa kumdhuru asiye na hiari. Usiku huu huu chupa zitoke chini ya kitanda. Usimgombeze mbele ya wadogo zake. Mwambie ulichokisoma hapa, na ukipenda mwonyeshe kisa changu, ajue kwamba kosa lake nimelitenda mimi kabla yake, nikiwa na cheti. Kuhusu kodi ya chumba, kamati yetu ina mfuko mdogo wa mikopo isiyo na riba kwa vijana wanaobadili biashara. Si fedha nyingi. Aje ofisini Alhamisi yoyote baada ya swala ya Alasiri, aje na mdhamini mmoja, aniulizie mimi.